Chakula cha Kijerumani: Dhana Tulizozizoea na Ukweli wa Ardhi Yenyewe

Ukimtajia mtu chakula cha Ujerumani, picha inayomjia ni ileile: soseji, kabichi chachu, viazi na bilauri kubwa ya bia. Picha hiyo imetoka München, mji mkuu wa jimbo la Bavaria huko kusini, kwenye mahema ya tamasha la bia la Oktoberfest, kisha ikabandikwa nchi nzima. Lakini Ujerumani inaanzia kwenye matope ya Bahari ya Kaskazini, inapita tambarare za mchanga, inapanda vilima vya misitu, na kuishia kwenye Milima ya Alpi, ambako kilele cha Zugspitze kinafika mita 2,962. Hadi 1871 haikuwa hata dola moja. Zilikuwa falme, miji huru na himaya ndogondogo. Kila eneo lilipika kile ambacho ardhi, maji na baridi yake viliruhusu. Kuviweka vyakula hivyo vyote katika kapu moja ni kuwanyima watu wa huko historia yao, ndiyo maana naona inafaa kuzipitia dhana hizi moja baada ya nyingine.

Dhana: "Kiazi ndicho chakula chao cha asili"

Kiazi mviringo kilitoka milima ya Andes huko Amerika Kusini, na Wajerumani wengi walikipuuza kwa muda mrefu. Machi 1756 mfalme Friedrich II wa Prussia, mojawapo ya falme hizo za Kijerumani, aliwaagiza maofisa wake wawaelimishe wakulima faida za zao hilo na kuwahimiza walipande. Amri ilisaidia, ila njaa ya 1770 hadi 1772, nafaka zilipoharibika kwa mvua na baridi, ndiyo iliyowashawishi watu kweli. Mpaka leo wageni wanaofika kasri la Sanssouci, Potsdam, huacha viazi juu ya kaburi la mfalme huyo.

Kiazi kilishika mizizi zaidi kaskazini na mashariki kwa sababu ya udongo. Barafu za kale zilizofunika sehemu hizo ziliyeyuka na kuacha mchanga mwingi, hasa Brandenburg, jimbo linaloizunguka Berlin. Ngano hudhoofika kwenye mchanga huo, kiazi hakioni shida. Mchanga huohuo umeupa mji wa Beelitz sifa ya asparagasi nyeupe, kwa maana chipukizi hupenya kirahisi na kunyooka bila kupinda. Kwa desturi uvunaji wake hukoma tarehe 24 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohana, ili mmea upate nafasi ya kujijenga kwa mwaka unaofuata.

Ukishuka kusini hadi Swabia, kiazi kinarudi nyuma na unga wa ngano unatawala. Huko utakuta Spätzle, vitonge vya unga na mayai vinavyokwaruzwa moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, na Maultaschen, mifuko ya unga iliyojazwa nyama na mchicha. Bavaria hutengeneza madonge kwa mikate iliyokauka. Thüringen, iliyo katikati ya nchi, huyatengeneza kwa viazi vilivyokunwa. Ukiulizia "donge la Kijerumani" mezani kwao, jiandae kusikiliza ubishi mrefu.

Dhana: "Mkate mweusi ni mtindo wa watu wa afya"

Mkate mweusi ulizaliwa kwenye udongo duni na hali ya hewa ya baridi. Nafaka yake ni rai, ambayo Wajerumani huiita Roggen. Inafanana na ngano, ila inavumilia baridi kali, mchanga na udongo wenye asidi. Kaskazini nzima, watu walikula rai kwa sababu ndiyo iliyoota.

Nafaka hii ina tabia yake, na waokaji walilazimika kuisoma. Unga wa rai una vimeng'enya vingi vinavyovunja wanga. Ukiuoka kwa hamira peke yake, mkate hubaki na utelezi kama uji katikati. Asidi ya chachu iliyolazwa ndiyo inayovizuia. Kwa hiyo ule uchachu ambao mgeni hudhani ni kiungo cha kuongeza ladha ulikuwa lazima ya kiufundi. Westfalia wamekwenda mbali zaidi kwa mkate wao wa Pumpernickel, ambao hukaa kwenye joto la chini kwa muda usiopungua saa 16. Weusi na utamu wake unatokana na sukari ya nafaka yenyewe kuiva polepole.

Kusini, ambako kuna joto zaidi na udongo mzuri, mkate unakuwa mweupe na unapata umbo la fundo la Brezel. Taasisi ya mikate ya nchi hiyo imeorodhesha aina zaidi ya 3,000. Kwangu mimi, mkate ndiyo fahari kubwa ya jikoni ya Ujerumani, na inaniuma kwamba soseji ndiyo hupewa sifa zote.

Dhana: "Kila Mjerumani hula kabichi chachu"

Kuchachusha kabichi kwa chumvi kulikuwa njia ya kuvuka majira ya baridi yasiyo na mboga, na Wapoland, Warusi na watu wa Alsace nchini Ufaransa hufanya vivyo hivyo. Ndani ya Ujerumani mboga inayotia joto zaidi mioyo ya watu wa Bremen na Oldenburg ni Grünkohl, ambayo kwa ukoo ni spishi moja na sukuma wiki yetu. Tofauti ni kwamba wao hupenda kuisubiri ipigwe na baridi kali shambani, kwa kuwa majani hujilimbikizia sukari, kisha huipika kwa saa nyingi pamoja na soseji ya shayiri na mafuta.

Dhana: "Ni nchi ya bia tu"

Bia ina mizizi yake, hilo halina ubishi. Eneo la Hallertau, Bavaria, ndilo eneo kubwa zaidi duniani linalolima kwa mfululizo hopsi, maua yanayoipa bia uchungu wake, na sheria maarufu ya 1516 iliyosema bia iwe ya shayiri, hopsi na maji ilitolewa Ingolstadt, humohumo Bavaria. Baridi nayo ilishiriki. Bia ya huko huchachuka vizuri kwenye ubaridi, na tangu 1539 iliamriwa itengenezwe kati ya mwisho wa Septemba na mwishoni mwa Aprili pekee. Ya kunywa majira ya joto ilihifadhiwa kwenye maghala yaliyochimbwa ardhini. Juu ya maghala hayo wakapanda miti ya chestnati yenye majani mapana ili kivuli kiipoze ardhi. Watu wakaanza kukaa chini ya miti na kunywa papo hapo. Mwaka 1812 mfalme wa Bavaria akaruhusu watengenezaji wauze bia hapo, ila si chakula cha kupikwa, na ndiyo sababu hadi leo katika bustani nyingi za bia unaruhusiwa kuja na chakula chako kutoka nyumbani.

Lakini sogea magharibi. Kando ya mto Mosel mizabibu imepandwa kwenye miteremko mikali kiasi kwamba mkulima hufanya kazi kwa mikono, wakati mwingine kwa kamba. Pale ni karibu na nyuzi 50 kaskazini, baridi sana kwa zabibu nyingi. Kinachoiokoa ni mawe bapa ya sleti, yanayofyonza jua mchana na kurudisha joto usiku, pamoja na mteremko wenyewe unaolitazama jua na mto unaoakisi mwanga. Zabibu ya Riesling imeyapenda mazingira hayo. Ujerumani ina maeneo rasmi 13 ya mvinyo, na moja wapo, Franken, liko ndani ya Bavaria yenyewe, inayodhaniwa kuwa ya bia pekee.

Frankfurt wao hunywa mvinyo wa tufaha, mkali kwenye ulimi, uliochukua nafasi ya zabibu baada ya baridi na magonjwa kuidhoofisha mizabibu ya huko. Na kwenye pembe ya kaskazini magharibi, Ostfriesland, kinywaji cha heshima ni chai. Kila mtu huko hunywa takriban lita 300 kwa mwaka, kiwango cha juu hata kwa sisi tunaojisifu kwa chai. Bandari za Uholanzi zilikuwa jirani, maji yao ni laini, na hewa ya unyevunyevu ilidai kitu cha moto. Huweka bonge la sukari chini ya kikombe, humimina chai nzito ya Assam, India, kisha matone ya krimu pembeni, na hawakorogi.

Dhana: "Samaki ni wa pwani, nyama ni ya bara"

Pwani ina heringi, ina uduvi wa kijivu wa Bahari ya Kaskazini, na ina Labskaus, pondo la nyama ya chumvi, viazi na bitiruti lililoanzia kwa mabaharia. Ila heringi isingekuwa biashara bila mji ulio mbali na ufuo. Lüneburg imekaa juu ya mwamba wa chumvi. Maji yake ya chumvi yalichemshwa, chumvi ikapelekwa mji wa bandari wa Lübeck, na tangu 1398 ikapita kwenye mfereji wa Stecknitz. Kutoka Lübeck ilivuka Baltiki kwenda kuhifadhi heringi, nao wakasambazwa Ulaya nzima ambako Wakristo walikuwa wamefunga nyama. Utajiri wa Hansa, umoja wa miji ya biashara ya kaskazini, ulijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya ndoa hiyo ya samaki na chumvi.

Bara nako kuna samaki wake. Bonde la Aischgrund, Franken, lina udongo wa mfinyanzi unaoshika maji, kwa hiyo tangu enzi za kati watu wakachimba mabwawa na kufuga samaki aina ya Karpfen. Kwa desturi huliwa kuanzia Septemba hadi Aprili, miezi ambayo kwa Kijerumani majina yake yana herufi "r". Kusini kabisa, Ziwa la Konstanz lilijulikana kwa samaki wa Felchen, lakini wamepungua mno hata nchi zinazolizunguka zikasimamisha uvuvi wake kwa miaka mitatu kuanzia 2024. Mgahawa wa ufukweni ukikuuzia Felchen leo, kuna uwezekano mkubwa ametoka kwingine.

Dhana: "Keki ya Msitu Mweusi imetoka Msitu Mweusi"

Msitu Mweusi ni milima yenye misitu kusini magharibi mwa nchi, na pombe ya cheri iliyomo ndani ya keki ni ya huko. Keki yenyewe ina wadai kadhaa, na mmoja wao, Josef Keller, alisema aliitengeneza mwaka 1915 Bad Godesberg, kando ya Rhein karibu na Bonn. Ukitaka kitu kisicho na mzozo, chukua paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi wa miti ya misonobari, iliyojaa katika milima hiyo.

Dhana: "Jiografia ndiyo iliyoamua kila kitu"

Hii ndiyo hupotosha zaidi, hasa kwa sisi tunaopenda kueleza chakula kwa ramani. Chukua Allgäu, chini ya Alpi. Leo ni kijani kitupu, ng'ombe wenye kengele, jibini kubwa. Mgeni huapa kwamba imekuwa hivyo tangu Nuhu. Zamani eneo hilo liliitwa Allgäu ya buluu, kwa rangi ya maua ya kitani kilicholimwa kwa ajili ya nguo. Pamba ya bei nafuu kutoka nje ilipoiua kazi hiyo katika karne ya 19, wakulima waligeukia majani na maziwa, na watu kama Carl Hirnbein wakaleta ufundi wa jibini kutoka nje. Mvua nyingi inayodondoka mawingu yanapogonga Alpi ilikuwepo siku zote. Kilichobadilika ni soko.

Biashara pia ilileta mezani vitu ambavyo ardhi isingeweza kuzaa. Lübeck haioti lozi, lakini inajulikana kwa marzipani, kitamu cha lozi na sukari. Nürnberg ilikuwa njia panda ya viungo kutoka mbali, na misitu iliyoizunguka ilikuwa na wafuga nyuki wengi. Asali na viungo vikakutana kwenye biskuti za Lebkuchen. Karafuu imo humo, imo pia kwenye kabichi nyekundu ya Krismasi, na hapo Zanzibar ina sehemu yake: mwaka 1859 miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ilitia saini mkataba wa biashara na Sultani Majid bin Said, na karafuu ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizovuta wafanyabiashara wa Hamburg visiwani.

Dresden, mji mkuu wa Saksonia huko mashariki, ilikuwa na shida tofauti. Wakati wa mfungo Kanisa lilikataza siagi, likaagiza mafuta, agizo lisilo na taabu kwa Italia yenye mizeituni. Saksonia haina mizeituni, na mafuta yao ya mbegu yaliipa keki ladha mbaya. Watawala wakaomba Roma, na mwaka 1491 Papa Inosenti VIII akaruhusu siagi kwa sharti la kutoa malipo. Keki ya Stollen tunayoijua leo, nzito kwa siagi na zabibu kavu, isingekuwepo bila barua hiyo.

Na kuna adesi, zile ambazo Kenya huitwa kamande. Kwenye uwanda wa Schwäbische Alb mwamba ni chokaa, maji ya mvua huzama chini, udongo ni mwembamba na una mawe. Adesi zinaridhika na ardhi ya namna hiyo, na adesi kwa Spätzle ndicho chakula cha nyumbani cha Swabia. Hata hivyo katikati ya karne ya 20 kilimo hicho kilikufa kwa sababu adesi za kuagiza zilikuwa rahisi, na mbegu za kienyeji zikapotea. Mwaka 2006 zilipatikana tena kwenye hazina ya mbegu ya Taasisi ya Vavilov, St. Petersburg, Urusi. Wakulima wa Alb waliletewa kiasi kidogo, wakazizidisha msimu hadi msimu, na sasa zaidi ya mashamba mia moja yanazilima upya. Kama uko Stuttgart au unapita huko, tafuta mfuko ulioandikwa Alb-Leisa. Bei yake ni kubwa kuliko za dukani za kawaida, na inastahili.