Andagraundi bila "bado"

Shemeji yangu aliitazama fulana niliyovaa, ile yenye maandishi yanayofanana na mizizi ya mti uliong'olewa, akauliza ni bendi gani. Nikamtajia. Akasema hajawahi kuisikia. Nikamwambia si ajabu, hao ni watu wa andagraundi. Akanitazama kwa huruma kabisa, kama nimemwambia nina mgonjwa hospitali. "Aaa, kumbe bado hawajatoka. Mungu atawasaidia, shemeji."

Bendi yenyewe ina miaka ishirini na sita. Mpiga gitaa wake ana watoto wanaosoma chuo. Hawajatoka, na hawajawahi kuwa na mpango wa kutoka.

Si mara ya kwanza kuombewa dua kwa ajili ya bendi ninazozipenda, kwa hiyo niliseme mara moja. Katika metali na panki, miziki miwili ya magitaa ya kelele, andagraundi ni utaratibu wa kutengeneza, kusambaza na kusikiliza muziki nje ya kampuni kubwa, redio kubwa na mapromota wakubwa, kwa mikono ya watu walewale wanaoupenda. Bendi inajirekodi, shabiki mmoja anatoa kanda, mwingine anaandika jarida, wa tatu anakodi ukumbi na kusimama mlangoni kupokea kiingilio. Basi. Ningeweza kuishia hapo, lakini hilo neno "bado" haliniachi.

Najua tulikolipata. Andagraundi ilituingia na Bongo Fleva na hip hop, na huko ina maana yake halali: msanii wa andagraundi ni chipukizi, yule anayezunguka na wimbo wake akiomba upigwe. Kinyume chake ni kutoka. Fulani katoka, fulani hajatoka, fulani alitoka akarudi. Ukiisikiliza vizuri lugha hiyo utaiona picha iliyomo: kuna kitu kimefukiwa udongoni, kinangoja mvua, siku yake ikifika kitachomoza. Ni mbegu. Ndiyo maana unaweza kuondoa neno andagraundi ukaweka chipukizi na sentensi isidhurike, na ndiyo maana "bado" imejikalia hapo kama mwenyeji. Mbegu isiyotoka imeoza, na aliyeoza anapewa pole.

Lakini waliolitia neno hili kwenye siasa na sanaa hawakuwaza mbegu. Waliwaza handaki.

Kwa Kiingereza lilikuwa neno la kawaida tu, chini ya ardhi, hadi lilipoanza kubeba watu. Katika karne ya 19 huko Marekani ulikuwapo mtandao wa kuwatorosha watumwa kutoka majimbo ya kusini kwenda kaskazini na Kanada. Watu wakauita reli ya chini ya ardhi. Hapakuwa na reli, na chini ya ardhi hapakuwa na kitu. Palikuwa na nyumba za watu waliokubali kugongewa mlango usiku, zikiitwa stesheni, na viongozi wa njia kama Harriet Tubman, walioitwa makondakta. Hakuna aliyewaza kwamba reli ile ni changa na siku moja itakua iwe barabara kuu. Ilikuwa imekamilika vilevile ilivyo: inapitika, ina wahudumu wake, na haipiti kule wanakopita wote.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia neno lilirudi, safari hii katika Ulaya iliyokaliwa na Wajerumani. Magazeti yalichapwa kwa siri na kupita mkono kwa mkono. Het Parool la Uholanzi lilianza hivyo mwaka 1941, na hadi leo linauzwa, sasa mchana kweupe. Waliolichapa hawakuwa waandishi chipukizi waliokosa nafasi kwenye magazeti makubwa. Magazeti makubwa yalikuwa mikononi mwa mkaliaji. Hiyo ndiyo sababu ya wao kushika kalamu.

Miaka ya 1960 vijana wa London na New York waliokuwa wakijichapia magazeti yao wakaliazima neno. Hawakuwindwa kama wale wa vitani, ingawa polisi nao hawakuwaacha walale, ila picha waliipenda: njia yetu, chini ya barabara yenu. Kutoka magazetini likahamia kwenye muziki wa kumbi zao. Na hapo, miaka mingi kabla sisi hatujaligusa, kampuni za santuri zikaona lina soko. EMI, jitu la muziki la Uingereza, ikaanzisha lebo ya Harvest mwaka 1969 kwa ajili ya muziki wa namna hiyo. Jitu likauza handaki dukani! Kwa hiyo shemeji si wa kwanza kulikosea neno, na walau yeye alikosea kwa kunionea huruma.

Waliolirudisha kazini ni panki. (Panki nayo ina kisa chake. Kwetu ilifika ikiwa mtindo wa nywele, muziki ukabaki njiani. Mtu anaweza kunyoa panki tangu utoto hadi uzee asijue kuwa kuna nyimbo zake.) Buzzcocks wa Manchester walikopa pauni 500 hivi kwa watu wao wa karibu, wakarekodi nyimbo nne, na Januari 1977 wakatoa nakala 1,000 kwa lebo waliyoianzisha wenyewe. Zikaisha, wakachapa nyingine. Kelele za gitaa zilikuwa zao, lakini kilichowashtua vijana wengine ni hesabu. Kumbe studio ina bei, kiwanda cha santuri kina bei, na ukiwa na bei mkononi humhitaji bwana mkubwa wa kukuruhusu. Crass, nao wa Uingereza, walikwenda mbele zaidi: walichapa kwenye jalada la santuri bei ambayo mnunuzi asiizidishe, ili mwenye duka asipate pa kuongeza chake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Washington. Mwaka 1980 vijana wa bendi ya Teen Idles walianzisha lebo ya Dischord ili watoe santuri yao ya kwanza, kwa pesa waliyoiweka kutokana na maonesho. Wakati huo bendi ilikuwa imeshavunjika. Soma tena hapo. Walianzisha lebo kwa ajili ya bendi ambayo haipo. Bendi iliyokufa itatokaje? Ikapigwe redio gani, ikapande jukwaa gani? Walitaka tu kitu walichokifanya pamoja kiwe na umbo, marafiki wakishike mkononi. Lebo hiyo ingali hai. Mmoja wao, Ian MacKaye, baadaye akawa na Fugazi, bendi iliyojaza kumbi na kuuza rekodi kwa wingi huku kwa miaka ikishikilia kiingilio cha dola 5. Kwa kipimo cha "kutoka", Fugazi walitoka zamani. Kwa kipimo cha handaki, hawakuondoka humo hata siku moja.

Upande wa metali handaki lilikuwa posta. Mimi nililidandia mwishoni, kanda zikiwa zinaanza kuwa vitu vya kabatini, lakini niliwahi kuonja. Ulikuwa na orodha ya kanda ulizonazo, umeiandika kwa mkono au mashine. Unamtumia mtu ambaye hujawahi kumwona, naye anakutumia yake, mnachaguliana, mnadurufu, mnabadilishana kanda kwa kanda. Kanda ya dakika 90 ilibeba albamu mbili, moja kila upande, na pakibaki nafasi unaijaza demo (kanda ya majaribio) ya bendi ambayo hujaombwa, kwa sababu uchoyo katika mambo haya ni aibu. Ndani ya bahasha ulitia vijitangazo vya bendi nyingine, vipande vya karatasi vilivyotolewa kopi, ambavyo mpokeaji naye alivitia kwenye bahasha zake. Kijikaratasi kilichochapwa Brazil kingeweza kuzunguka Norway na Japani bila aliyekichapa kuondoka nyumbani. Stempu zilipakwa gundi ili mhuri ufutike kwa maji, kisha chini ya barua unaandika "tafadhali nirudishie stempu zangu". Ulikuwa wizi mdogo kwa shirika la posta, sikatai. Kuna uzuri wake kwamba Fenriz wa Darkthrone, bendi ya metali ya Norway, na mmoja wa mashabiki wakubwa kabisa wa utaratibu huo, aliajiriwa posta kwa miaka mingi.

Kila nakala iliongeza mvumo. Nakala ya nakala ya nakala ilisikika kama bendi inapigia ndani ya mtungi, mvua ikinyesha. Tuliizoea sauti hiyo hadi tukaipenda, na zipo bendi ambazo baadaye ziliingia studio nzuri zikaitafuta makusudi.

Neno demo lilibadilikia humo. Asili yake ni kanda ya maonyesho, ya kumpelekea mwenye lebo akupime. Ni ombi la kazi. Ndani ya handaki likawa kazi yenyewe. Hellhammer wa Uswisi walisambaa hivyo mwaka 1983. Mwaka 1984 vijana wa Florida waliokuwa Mantas, ambao baadaye walijiita Death, walijulikana mabara kadhaa kwa kanda zilizodurufiwa chumbani, bila santuri hata moja dukani. Mayhem wa Norway walitoa santuri yao ya kwanza mwaka 1987, nakala 1,000, na kizazi kizima cha bendi kikaota kutokana nayo.

Nimesema kikaota. Basi niwe mkweli: mbegu nazo zimo. Metallica walitoa demo mwaka 1982, ikasambaa kwa mikono hiyohiyo ya kanda na bahasha, mwaka uliofuata wakatoa albamu, na kilichofuata hata shemeji anakijua. Wapo waliopita handakini wakielekea juu, na sina ugomvi nao. Kosa ni kudhani kila aliyemo ndani ya handaki anatafuta ngazi.

Kuna jingine linalochanganywa, nalipitia haraka. Andagraundi si aina ya muziki. Iron Maiden ni metali na wanajaza viwanja vya mpira. Hakuna cha handaki hapo. Wala kelele nyingi haimfanyi mtu kuwa andagraundi, wala kutosomeka kwa jina lake.

Je, ni siri? Kiswahili tayari kina maneno mazuri ambayo mtu angeweza kuyatumia hapa: chini kwa chini. Mambo yanakwenda chini kwa chini. Nimeyapima mara nyingi, na yanakaribia kuliko "chipukizi", kwa sababu yana mwendo ndani yake, kitu kinapita. Tatizo yananuka njama. Ziko nchi ambako njama ilikuwa ya kweli: katika Ujerumani Mashariki miaka ya 1980 panki walipiga muziki makanisani, kwa kuwa mchungaji ndiye aliyekuwa na ukumbi ambao serikali haikuushika moja kwa moja, na usalama wa taifa uliwapandikizia majasusi hadi ndani ya bendi. Lakini kwa wengi wetu hakuna kilichofichwa. Tangazo la onesho limebandikwa ukutani. Anwani ya mwenye lebo iko nyuma ya kanda, na mara nyingi ni ya chumba chake cha kulala. Mlango uko wazi siku zote, ila hakuna anayekuita kwa spika.

Na maisha ya humo, ukiuliza shabiki anapata nini, ni ya kuchosha kwa namna tamu. Watu arobaini ukumbini, kumi na watano kati yao ni wanamuziki wanaongoja zamu. Bendi nne zinapigia ngoma za mtu mmoja, naye ana wasiwasi usiku kucha. Anayeuza fulana ndiye aliyeimba dakika kumi zilizopita, bado anahema, na anakushukuru kwa jina kwa sababu uliwahi kumwandikia. Hapo mstari kati ya shabiki na msanii unafifia kiasi kwamba neno "shabiki" lenyewe linapwaya. Siku hizi bahasha zimepungua. Muziki unapandishwa kwenye tovuti ya Bandcamp usiku na asubuhi umefika kote. Duma, wawili wa Nairobi, walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na ikasikilizwa mbali sana na walikotoka. (Duma hapa si mnyama. Ni giza, kwa Kikuyu.) Na bado watu wanachapa kanda hamsini kwa hamsini, wanakata majalada kwa mkasi, wanapanga foleni posta. Darkthrone wanajulikana dunia nzima na tangu miaka ya 1990 wameacha kupanda jukwaani, kwa sababu hawataki tu.

Kwa hiyo, shemeji, sikukatazi neno. Kwa Bongo Fleva endelea nalo kama lilivyo, na "bado" yake. Ila kwa hawa wa fulana yangu sema "wako andagraundi", kama unavyosema mtu yuko shambani au yuko kazini, hakuna anayempa pole. Na hayo maandishi yasikutie unyonge. Mimi mwenyewe yalinichukua wiki nzima kuyasoma, na herufi ya nne mpaka leo sina hakika nayo.