Shakwe Mwenye Masizi Si Mgonjwa

Kaskazi ikianza kuvuma, taarifa huongezeka kutoka Mikindani, Msimbati hadi Lindi Mjini: shakwe wameonekana ufukweni kama waliopakwa masizi, huenda ni mafua ya ndege. Tunawashukuru wanaotoa taarifa. Hata hivyo, wengi wa ndege hao ni wazima, ndivyo walivyoumbwa.

Wanaochanganywa ni shakwe wa aina mbili. Mwenye masizi ni Ichthyaetus hemprichii (jina la kisayansi), ambaye makazi yake ni mwambao huu wetu hadi Bahari ya Shamu. Kichwa na koo ni kahawia iliyokolea, nyuma ya shingo ana ukosi mweupe, na juu ya jicho kijistari cheupe. Zaidi ya yote, utazame mdomo: mrefu, wa manjano ya kijani, wenye pete nyeusi na ncha nyekundu. Akishauona mtu mdomo huo mara moja, hababaiki tena.

Wa pili, Larus fuscus, ni mgeni anayezaliana Ulaya na Siberia. Ni mkubwa zaidi. Akikomaa ana kichwa cheupe, mgongo wa kijivu kilichoiva, miguu ya manjano na doa jekundu kwenye mdomo wa chini. Tatizo ni makinda yake: huwa na madoa ya kahawia na mdomo mweusi, na huchukua takriban miaka 4 kupata rangi ya utu uzima. Hao ndio wanaochanganywa na mwenye masizi. Na kwa wanaodhani ni jike na dume, tumeshasema sana: wa kahawia si jike la mweupe. Dume na jike wa kila aina hufanana rangi.

Kumkamata au kumuua shakwe bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kibali hutolewa na Mkurugenzi wa Wanyamapori, si mwenyekiti wa kijiji wala wa kikundi cha ulinzi wa fukwe. Kusema "alikuwa anaiba dagaa kwenye chanja" hakuhalalishi kumpiga jiwe. Funika chanja kwa wavu.

Ukikuta wamekufa kadhaa mahali pamoja, usiwashike kwa mikono mitupu, usiwachinje, usiwape mbwa. Mjulishe ofisa mifugo wa kata au mtendaji wa kijiji, ueleze mahali, tarehe na idadi. Aliyekufa akiwa na pete mguuni (huvishwa na watafiti wa ndege), piga picha ya namba na maandishi yote, utaje ni mguu upi. Akiwa hai, pete isivuliwe.