"Majoka ni katili." Sawa, halafu?

Ombi ni lile lile kila muhula wa tatu: "Mwalimu, nipee tu sifa za wahusika, hizo zingine nitajipanga." Mwaka huu limenijia hata kupitia kwa mzazi, mtu mzima mwenye kazi yake, akitaka nimtumie "zile sifa" kwenye simu ili bintiye azikariri likizoni. Nilimjibu kwa adabu. Hapa nitajibu bila kuzunguka.

Nazungumzia swali la tamthilia katika karatasi ya tatu ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, yaani 102/3. Mifano nitaitoa katika Kigogo ya Pauline Kea, tamthilia ya Majoka, mtawala wa Sagamoyo, na wanaompinga; nimeichagua kwa makusudi, kwa kuwa imeshatoka kwenye orodha ya vitabu vya mtihani na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege ikachukua nafasi yake. Anayetafuta cha kunakili hatakipata humu. Anayetaka kujua jinsi ya kusoma ataihamisha mwenyewe mbinu hadi nyumbani kwa Yona na Sara, wahusika wa Bembea.

"Ukijua sifa za kila mhusika, umeijua tamthilia"

Uongo. Na ni uongo unaouzwa kwa bei nafuu, umechapwa vizuri, una vichwa vya habari na vitone. Mwongozo, yaani kitabu cha ufafanuzi wa tamthilia, unakwambia Majoka ni katili, fisadi, mwenye tamaa, dikteta, mzinzi. Tunu, anayempinga, ni jasiri, mtetezi wa haki, mwenye msimamo. Mtahiniwa anameza vivumishi hivyo usiku kucha, anaingia chumba cha mtihani amejaa hadi shingoni, kisha anakutana na swali kama hili: "Jadili mbinu anazotumia Majoka kudumisha utawala wake."

Hapo ndipo utaona vituko. Swali linauliza mtu huyu anafanyaje ili abaki madarakani. Mtahiniwa anajibu kwa kutuambia yukoje. "Majoka ni katili kwa sababu anawaumiza wanasagamoyo. Majoka ni fisadi kwa sababu anapenda ufisadi." Sentensi ya pili sijaibuni ili nikuchekeshe. Husomwa, husahihishwa, na hupata inachostahili.

Kivumishi ni hukumu. Ukiniletea hukumu bila ushahidi, nakuuliza tu: halafu? Ushahidi katika tamthilia ni tendo, kwa sababu tamthilia haina msimulizi wa kukunong'oneza kwamba fulani ni mbaya. Riwaya inaweza kukuambia "alikuwa mtu mwenye roho ngumu" na ukaamini. Jukwaani kuna watu wanaosema na kutenda, basi. Sifa unaitoa wewe, baada ya kuona.

Chukua tukio moja tu. Soko la Chapakazi limefungwa, watoto wa Ashua na mumewe Sudi hawana chakula. Ashua anakwenda ofisini kwa Majoka kuomba msaada. Majoka anaona nafasi ya kumtaka kimapenzi. Husda, mke wa Majoka, anawafumania, vurugu inazuka, na anayeishia kufungiwa ni Ashua. Kisha kifungo hicho kinageuzwa chambo: Sudi, mchongaji ambaye amekataa kuchonga kinyago cha sherehe za miaka 60 ya uhuru, anabanwa achonge ndipo mkewe aachiliwe.

Sasa hesabu nawe. Ukiulizwa mbinu za kudumisha utawala, unayo: kumtumia mke kumvunja mume. Ukiulizwa nafasi ya mwanamke, unayo, tena kwa pande mbili, maana wanawake wawili wanagombana huku mwanamume aliyeleta fujo akikaa kitini. Ukiulizwa athari za umaskini, unayo. Migogoro, unayo. Matumizi mabaya ya vyombo vya dola, unayo. Kinaya unacho pia: uhuru unaadhimishwa kwa kumnyima mtu uhuru. Tukio moja limejibu maswali sita. "Majoka ni katili" inajibu swali moja, nalo nusu.

Ndiyo maana wanafunzi wangu hawaandiki sifa daftarini mpaka mwezi wa mwisho. Kabla ya hapo wanaandika onyesho kwa onyesho: nani yupo jukwaani, kila mmoja anataka nini, nani anamzuia, na onyesho likiisha ni kitu gani kimebadilika. Safu nne tu. Ikiwa hakuna kilichobadilika, rudi usome tena, kwa sababu kuna jambo limekupita. Najua wenzangu wengine wanaona njia hii inapoteza wakati. Inachukua muda mrefu, sikatai. Lakini mtoto aliyejaza daftari hilo humpi swali la kumshtua.

Kuna hasara nyingine ya orodha za sifa, nayo ni kwamba zinawagandisha wahusika. Husda "ana wivu", nukta. Huulizi kwa nini mke wa kigogo anatoka mbio kumfuata mumewe ofisini, na hilo linatuambia nini kuhusu ndoa iliyomo ndani ya lile jumba. Kenga "ni mnafiki", nukta. Basi utaeleza vipi kwamba mshauri yule yule aliyepanga mengi pamoja na Majoka anamwacha mwishoni na kujiunga na umati? Kingi, mkuu wa polisi, anakataa amri ya kuwafyatulia watu risasi. Umemwandikia sifa gani? Wengi hawajamwandikia hata moja, kwa kuwa mwongozo uliona ni mhusika mdogo. Lakini ondoa kukataa kwake, na mwisho wa tamthilia nzima unaporomoka.

Tena yupo yule anayekueleza kwamba Asiya ni mwanamke fulani na Mamapima ni mwanamke mwingine. Ni mtu mmoja, mke wa Boza, mchongaji mwenzake Sudi. Aliyesoma kitabu hawezi kukosea hapo. Aliyesoma orodha hukosea kila mwaka.

Siupigi vita mwongozo wenyewe. Usome baada ya kumaliza kitabu mara mbili, ukiwa na kalamu nyekundu ya kubishana nao. Miongozo mingine ina makosa ya wazi, na mwanafunzi anayeyagundua huwa tayari kwa mtihani kuliko ninavyoweza kumwandaa mimi.

"Muktadha ni alama nne za bure"

Hapa unapewa dondoo, yaani maneno yaliyonukuliwa kitabuni, na unaulizwa muktadha wake: msemaji, msemewa, mahali, kiini. Kanuni wanaijua kama jina la mama. Kisha wanaandika: "Haya ni maneno ya Sudi akimwambia Boza. Walikuwa kazini. Walikuwa wanazungumza." Alama mbili zimekwisha kupeperuka. Mahali pataje kwa uwazi ambao msomaji angeweza kupaelekezwa akafika. Kiini ni kile kilichomsukuma msemaji atamke maneno hayo wakati huo na si dakika tano kabla. Na usijipe moyo kwamba dondoo litatoka kwenye ile mistari mizito uliyoipigia mstari. Mtunga swali ana kitabu kizima mkononi, na mstari wa kawaida kabisa unamfaa vilevile.

"Maneno ya kwenye mabano si ya kusoma"

Sijui nani aliyewafundisha hili. Maelekezo ya jukwaani ni sehemu ya kazi kama mazungumzo yalivyo. Nikikuandikia mhusika anayesema "Karibu, keti," nimekuandikia ukarimu. Nikiongeza (akifunga mlango kwa ufunguo), umeshaanza kuogopa, na neno la msemaji halijabadilika hata herufi. Kejeli, taharuki, hofu na unafiki mara nyingi hukaa humo mabanoni. Alama ya mahali katika muktadha nayo aghalabu hukaa humo humo, juu kabisa ya onyesho, pale unaporuka kila siku.

Wasomeni wahusika kwa sauti. Gaweni nafasi bwenini, mmoja awe Majoka, mmoja Kenga, na mmoja asome mabano tu, kwa sauti kavu kama mtangazaji wa habari. Onyesho moja kila jioni. Ni ushauri wangu wa miaka yote, na huwa napuuzwa mpaka matokeo ya mitihani ya majaribio yatoke.

"Nimetazama igizo, inatosha"

Vikundi vya maigizo vinavyozunguka shuleni vinafanya kazi nzuri ya kuwaamsha mliolala. Nendeni. Lakini vikundi hivyo hufupisha, huunganisha maonyesho, huongeza vichekesho vya mjini ili ukumbi ucheke. Mwaka mmoja nilisahihisha jibu la majaribio lililonukuu kwa ujasiri mkubwa mzaha ambao mwandishi hakuwahi kuuandika. Mwigizaji aliubuni, mtahiniwa akaamini. Igizo litazame baada ya kusoma, ukihesabu walichoacha.

"Kusimulia hadithi ni kujibu"

Hapana. Msahihishaji amekisoma kitabu. Ukianza na "Tamthilia hii inaanza pale ambapo…" ujue umeshapotea njia. Anza na hoja, ifuate kwa tukio linaloithibitisha, kisha sentensi moja inayolifunga tukio hilo kwenye swali. Hoja mpya, aya mpya.

"Kila kitu ni jazanda"

Jazanda ni kitu kinachosimama badala ya kingine. Chatu ni jazanda, soko ni jazanda, keki ni jazanda, mpaka kiti alichokalia Kenga. Ukitaja mbinu, onyesha mfano wake na useme inafanya kazi gani pale ilipo. Ukikosa la kusema kuhusu kazi yake, huenda keki ni keki.

Na hapa nigusie dada yake, ile dhana ya kwamba majina ya kigeni ya nadharia yatamtisha msahihishaji. Hayamtishi. Yanampotezea muda, naye ana rundo linamsubiri.

"Tamthilia ni ngumu, nitajibu maswali mawili ya ushairi"

Soma maagizo. Swali la kwanza ni la lazima, kisha unachagua mengine matatu, na huruhusiwi kujibu mawili kutoka sehemu moja. Maswali manne, alama 20 kila moja, jumla 80, kwa saa mbili na nusu. Nimewahi kuona mwanafunzi hodari akitunga majibu mawili mazuri sana ya sehemu moja katika majaribio. Jibu moja kati ya hayo lilikuwa kazi ya bure.

Gawa muda: dakika 150 kwa maswali manne ni kama dakika 37 kwa swali, ukihesabu na kufikiri. Aliyetumia saa nzima kwenye tamthilia kwa sababu anaipenda ataandika la mwisho kwa vitone, mkono ukitetemeka. Mimi huwaambia waanze na dakika tano za kupanga hoja pembeni kabla ya kuandika sentensi ya kwanza. Swali la alama 20 kwa kawaida hulipangia hoja kumi, kila moja ikiwa na maelezo yake. Ukifika ya saba ukaishiwa, usirudie ya pili kwa maneno mengine, kwa maana msahihishaji ataitambua. Rudi kwenye daftari lako la safu nne, lile lililomo kichwani sasa, na ulipitie onyesho baada ya onyesho. Hoja ya nane mara nyingi imekaa kwa yule mhusika mdogo uliyemruka.