Filamu Kuanzishwa Upya: Maana Yake na Sababu ya Watazamaji Kugawanyika

Katika filamu ya Spider-Man ya mwaka 2002, kijana Peter Parker, shujaa aliyepata nguvu zake baada ya kuumwa na buibui, anapunjwa malipo yake baada ya pambano la mieleka, na mwizi anapomwibia mwandalizi wa pambano hilo na kukimbilia kwenye lifti, Peter anampisha. Muda mfupi baadaye anamkuta ami yake, Ben, aliyemlea kama baba, akikata roho kando ya barabara. Katika The Amazing Spider-Man ya mwaka 2012, Peter Parker wa pili anapungukiwa senti 2 za kununulia maziwa, mwuzaji anakataa kumsamehe, mwizi anakwapua pesa, Peter anamwacha aende zake, na Ben anapigwa risasi mtaani hatua chache kutoka hapo. Kifo ni kilekile na kosa la kijana ni lilelile, lakini mwigizaji ni mwingine, mwongozaji ni mwingine, na yote yaliyotokea katika filamu 3 zilizotangulia, za mwaka 2002, 2004 na 2007, yamehesabiwa kuwa hayakutokea. Hapo ndipo tunasema filamu imeanzishwa upya.

Dhana hii imetoka kwenye kompyuta. Mtu anapozima kompyuta iliyokwama na kuiwasha upya, mashine inabaki ileile na programu zake zinabaki zilezile, lakini shughuli iliyokuwa ikiendelea imefutika na kila kitu kinaanza mwanzo. Katika filamu, kinachobaki ni mhusika: jina lake, nguvu zake, vazi lake, maadui zake na jeraha lililomfanya awe shujaa. Kinachofutwa ni historia yake. Waandishi wa majarida ya katuni walikuwa wakifanya hivyo kabla ya wenzao wa sinema. Kampuni ya DC, ambayo Superman wake alianza kuonekana mwaka 1938, ilijikuta baada ya miongo kadhaa ikiwa na hadithi nyingi zilizopingana zenyewe kwa zenyewe, na katika mfululizo wa Crisis on Infinite Earths wa mwaka 1985 na 1986 ikaamua kuziunganisha ili wahusika wake waanze katika ulimwengu mmoja. Mwaka 2011 ikafanya kazi ya namna hiyo tena, safari hii ikiyaanza majarida 52 kwa toleo namba 1.

Ni muhimu kutofautisha filamu iliyoanzishwa upya na ndugu zake wa karibu, kwa sababu watu wengi huzichanganya. Mwendelezo huyachukua yaliyotokea katika filamu iliyotangulia na kuyasogeza mbele. Toleo jipya la filamu ya zamani hurudia kisa kilekile kwa waigizaji na vifaa vya leo. Filamu iliyoanzishwa upya hailazimiki kurudia kisa wala kukiendeleza, kwa kuwa inamchukua mhusika pekee na kumpa maisha mengine. Mfano unaowakanganya wengi ni Superman Returns ya mwaka 2006: mwigizaji mkuu alikuwa mpya, Brandon Routh, na zilikuwa zimepita takriban miaka 20 tangu Christopher Reeve aigize nafasi hiyo kwa mara ya mwisho, lakini filamu ile ilijengwa juu ya zile 2 za kwanza za Reeve, hata muziki wa John Williams ukatumika tena. Kwa hiyo ule ulikuwa mwendelezo uliochelewa. Superman alianzishwa upya kwenye sinema mwaka 2013, katika Man of Steel ya Zack Snyder, na kisha tena mwaka 2025 chini ya James Gunn.

Sababu za studio kuchukua uamuzi huo hazina siri kubwa. Wakati mwingine filamu ya mwisho imeharibu jina la mhusika kiasi kwamba hakuna anayetaka kuendelea nayo, kama ilivyokuwa kwa Batman baada ya mwaka 1997, hadi Christopher Nolan alipomwanza upya mwaka 2005 katika Batman Begins. Wakati mwingine waongozaji na waigizaji wameondoka, ilhali studio iliyonunua haki za mhusika inapaswa kuendelea kumtumia ili haki hizo zisiirudie kampuni iliyomuumba. Na wakati mwingine studio inataka wahusika wake wote waishi katika ulimwengu mmoja, na yule wa zamani hawezi kuingia humo bila kuvua historia yake.

Husemwa mara kwa mara kwamba filamu ya namna hii imepata mapokezi mseto, na usemi huo hubeba mambo mawili tofauti kabisa. La kwanza ni pale karibu kila mtazamaji anapotoka ukumbini akiwa na hisia vuguvugu: haikuwa mbaya, haikuwa nzuri. La pili ni pale nusu ya watazamaji wanapotoka wakiwa na furaha na nusu nyingine wakiwa na hasira, bila kuwapo watu wengi katikati. Ukichukua wastani, hali zote mbili zinatoa tarakimu moja, na ndiyo maana tarakimu peke yake haiaminiki. Tovuti ya Rotten Tomatoes, iliyoanza mwaka 1998, huhesabu ni tahakiki ngapi zimeipenda filamu na ngapi hazikuipenda. Asilimia 60 hapo haimaanishi kwamba filamu imepata alama 60 kwa 100 za ubora. Inamaanisha kwamba wahakiki 6 kati ya 10 waliikubali, wawe wameikubali kwa shingo upande au kwa moyo wote. Filamu ambayo kila mhakiki ameiona ya kawaida ila inatazamika inaweza kupata asilimia 100. Kampuni ya CinemaScore, kwa upande wake, huwauliza watazamaji wa Marekani na Kanada wanapotoka ukumbini siku ya kwanza, kisha hutoa herufi kuanzia A+ hadi F, lakini wanaojitokeza siku ya kwanza mara nyingi ni mashabiki waliokuwa wakiisubiri filamu kwa hamu.

Man of Steel inaonyesha vizuri umbali ulioko kati ya vipimo hivyo. Katika Rotten Tomatoes, wahakiki walioikubali walizidi nusu kwa kiasi kidogo tu, wakati watazamaji wa CinemaScore waliipa A-. Filamu ya Fantastic Four ya mwaka 2015, ambayo nayo ilikuwa imeanzishwa upya, iliambulia C- kwa watazamaji na kukataliwa na sehemu kubwa mno ya wahakiki. Sioni sababu ya kuyaita mapokezi hayo mseto, kwa sababu hapo watu walikuwa wamekubaliana.

Swali linalonigusa zaidi ni kwa nini filamu za namna hii ndizo zinazogawa watu kuliko filamu ngeni ya mhusika asiyejulikana. Jibu langu limo ndani ya mlinganisho uleule wa kompyuta, mahali unapokwama. Kompyuta ikiwashwa upya, kumbukumbu ya shughuli iliyotangulia imeondoka kweli. Filamu ikianzishwa upya, studio imefuta historia ya mhusika, lakini haijafuta chochote katika kichwa cha mtazamaji. Anaketi mbele ya skrini akiwa na Superman wake tayari, na kila jambo analoliona analipima kwa huyo. Tena Superman huyo si mmoja kwa watu wote: kuna aliyemjua kwa sura ya Reeve katika filamu ya mwaka 1978, kuna aliyemjua kwa katuni za televisheni, kuna aliyesoma majarida kwa miaka mingi, na kuna kijana ambaye hajawahi kumwona kabisa.

Tazama dakika moja tu ya Man of Steel. Mji wa Metropolis umebomolewa, na Superman amemkaba shingo adui yake Zod ndani ya kituo cha treni. Zod anatoa miali ya moto machoni na kuisogeza polepole kuelekea kwa familia iliyobanwa ukutani. Superman anamsihi aache. Zod anakataa, na Superman anamvunja shingo, kisha anapiga magoti na kulia kwa sauti kama mtu aliyefiwa. Kwa mtazamaji aliyekua na Superman asiyeua kamwe, dakika hiyo ilivunja agano, na kilio kile hakikumtuliza. Kwa mwingine, ilikuwa mara ya kwanza kumwona shujaa huyu akilazimika kuchagua kati ya mabaya mawili, na kilio kile ndicho kilichomfanya ampende. Msomaji wa siku nyingi wa majarida aliweza kuongeza kwamba katika toleo moja la mwaka 1988 Superman aliwahi kuwaua wahalifu 3 wa Krypton, sayari alikozaliwa, Zod akiwamo, na akateswa na jambo hilo baadaye. Kwa hiyo hata dai la kwamba Superman wa kweli haui linategemea ni Superman yupi uliyemkuta kwanza. Watu hawa wote waliona picha zilezile kwa muda uleule, na sidhani kwamba yeyote kati yao alikosea kuzitazama.

Mgawanyiko huo hufika hadi kwenye kitambaa. Superman wa mwaka 2013 alivuliwa kaptura nyekundu inayovaliwa juu ya vazi la buluu, ambayo alianza kuivaa mwaka 1938, kwa kuwa watengenezaji walitaka aonekane kiumbe kutoka ustaarabu wa mbali. Mwaka 2025 kaptura ilirudi, na Gunn amesimulia kwamba mwigizaji David Corenswet ndiye aliyemshawishi, kwa hoja kwamba mtu mwenye nguvu za kutisha kiasi hicho angetaka kuvaa kitu kitakachowafanya watoto wasimwogope. Ninaiona hoja hiyo kuwa nzuri, kwa sababu imetoka ndani ya tabia ya mhusika. Hata hivyo, filamu hiyohiyo iliyorudisha vazi la zamani ilibadilisha jambo zito zaidi: ujumbe wa wazazi wake wa Krypton, ambao kwa mashabiki wengi ulikuwa wa upendo na matumaini, una sehemu ya pili inayomwagiza awatawale wanadamu. Baadhi ya watazamaji waliusubiri mpaka mwisho wakiamini ungefichuliwa kuwa hila ya adui, na haikuwa hivyo. Mtu aliyeishangilia kaptura angeweza kabisa kuuchukia ujumbe.

Kuna kundi jingine ambalo malalamiko yake hayahusu kubadilishwa bali kurudiwa. Miaka 5 tu ilipita kati ya filamu ya tatu ya Spider-Man ya Tobey Maguire na ile ya kwanza ya Andrew Garfield, na waliokuwa wameshuhudia kuumwa na buibui, kuokota nguvu na kumzika Ben walilazimika kukaa tena wakisubiri kisa kiwafikie mahali wasipopajua. Kwa mtoto wa miaka 10 aliyeingia ukumbini mwaka 2012, huo ulikuwa mwanzo wa kawaida wa hadithi. Ndani ya filamu hiyo kulikuwa na mambo mapya, kwa mfano Peter hampati kamwe mwuaji wa ami yake, na utando wake unatoka kwenye kifaa alichokiunda mwenyewe, kama ilivyo katika majarida, badala ya kutoka mwilini kama ilivyokuwa mwaka 2002. Lakini mambo hayo humfikia tu mtu ambaye uchovu haujamfunga macho. Studio zilijifunza. Filamu ya Spider-Man ya Tom Holland ya mwaka 2017 haikuonyesha buibui wala kifo cha Ben. The Batman ya mwaka 2022 haikuturudisha kwenye mauaji ya wazazi wa Bruce Wayne, ambaye ndiye Batman. Superman ya mwaka 2025 inaanza na shujaa akianguka kwenye theluji baada ya kushindwa vita, na sayari ya Krypton haionyeshwi ikilipuka.

Hukumu nyingine hutolewa kabla ya tiketi kuuzwa. Michael Keaton alipotangazwa kuwa Batman wa filamu ya mwaka 1989, maelfu ya barua za kupinga ziliifikia studio, kwa kuwa watu walimjua kwa vichekesho. Heath Ledger naye alibezwa alipochaguliwa kuwa Joker, adui wa Batman, na mwaka 2009, akiwa ameshafariki, akatunukiwa Oscar kwa nafasi hiyo. Waliolalamika walikuwa wakimtetea mhusika waliyemjua, kwa silaha pekee waliyokuwa nayo wakati huo.

Kwa kuwa kumbukumbu haifutiki, hukumu nayo haifungwi. Filamu ya pili ya Garfield, ya mwaka 2014, ilimwonyesha msichana wake Gwen, karibu na mwisho, akianguka kutoka mnarani. Utando ulimfikia, lakini ulichelewa. Studio ikaachana na mfululizo huo na kumwanza Peter Parker upya kwa mara nyingine. Kisha mwaka 2021, katika Spider-Man: No Way Home, Maguire, Garfield na Holland walikutana katika filamu moja, na MJ, msichana wa Peter huyu wa tatu, akaanguka kutoka juu. Peter wake anamfuata lakini anapigwa na adui angani. Garfield anaruka, anamdaka, anatua naye taratibu, na badala ya kufurahi uso wake unajaa machozi, hadi msichana aliyeokolewa ndiye anayemuuliza kama yuko salama. Tukio hilo halina maana yoyote kwa mtu anayeamini kwamba filamu za Garfield zilifutwa. Ukumbini, watu walipiga makofi na kulia, wakiwamo ambao miaka 7 kabla ya hapo walikuwa wamechoshwa naye.