Je, wajua jinsi shoro wa Shelisheli anavyoamua kutaga yai la jike au la dume?

Jibu liko chini ya majani. Shoro huyu, ndege mdogo wa kahawia anayekula wadudu, huokota karibu chakula chake chote upande wa chini wa jani. Watafiti wa Kisiwa cha Cousin, huko Shelisheli, hupima utajiri wa himaya, yaani eneo linalomilikiwa na jozi moja ya ndege, kwa kuhesabu wadudu hao, kisha kuzidisha kwa wingi wa majani na ukubwa wa eneo. Himaya za ufukweni huwa duni, kwa sababu upepo wenye chumvi hupukutisha majani.

Jozi hukaa himaya ileile miaka mingi na kwa kawaida hutaga yai moja tu, basi jinsia ya kinda si jambo dogo. Jike akishakua mara nyingi habanduki kwa wazazi: husaidia kujenga kiota, kuatamia na kumlisha mdogo wake. Madume huhama zaidi. Wadudu wakiwa tele, binti ni mikono ya ziada. Wakiwa haba, ni mdomo wa ziada unaomaliza chakula cha kinda.

Mtafiti Jan Komdeur na wenzake walichapisha hesabu yake mwaka 1997: katika himaya duni makinda 77% yalikuwa madume, katika himaya bora 13% tu. Jozi zilizotolewa himaya duni na kupelekwa penye neema zilianza kuzaa majike. Huo ndio ushahidi mzito, maana ndege ni walewale, kilichobadilika ni mahali. Na wenye wasaidizi wawili tayari hurudi kwenye madume, hata penye neema. Mama ndiye mwenye uwezo huo: kwa ndege, jinsia hutegemea kromosomu iliyo ndani ya yai, Z (dume) au W (jike), wala si mbegu ya baba.

Lakini kwa nini binti asiende zake? Cousin ina hekta 29 tu. Mwaka 1968, kisiwa kikiwa kimejaa minazi, walibaki shoro wapatao 26. Minazi ilipoondolewa msitu ukarudi, ndege wakapita 300, nafasi zikaisha. Mwaka 1988 ndege 29 walihamishiwa kisiwa cha Aride, na wasaidizi wakakimbilia himaya zilizoachwa wazi, nyingine ndani ya saa chache. Ila walichagua: himaya iliyo duni kuliko ya kwao hawakuitaka.