Stesheni ya Moshi na jina la mji
Wapita njia wanaotazama jengo chakavu la stesheni ya reli mjini Moshi husimuliana kwamba mji ulipata jina lake hapo, kutokana na moshi wa garimoshi za kwanza. Simulizi hiyo inapendeza, lakini tarehe zinaikataa.

Reli ya Wajerumani iliyoanzia Tanga iliufikia mji huu mwaka 1911, ilhali jina la Moshi lilikwisha kuandikwa na wageni miongo kadhaa kabla, wakati Mangi (yaani chifu wa Wachaga) Rindi, aliyeitwa pia Mandara, alipotawala miteremkoni mwa Kilimanjaro, mahali panapoitwa leo Old Moshi. Mpelelezi Mwingereza Harry Johnston alifika kwake mwaka 1884, na mwaka uliofuata wamisionari wa Kianglikana wakaanza kazi huko. Huko huko juu ndiko Mangi Meli, mwanawe Rindi, alikonyongwa na Wajerumani mwaka 1900, kabla mluzi wa garimoshi haujasikika katika tambarare ya chini.

Kwa hiyo stesheni haikuzaa jina. Iliuvuta mji, na jina likashuka nao kutoka mlimani. Kwa maoni yangu, hiyo ni sababu nzito zaidi ya kulitunza jengo hilo kuliko ngano ya moshi.