Mkwaju wa mwisho katika URL za API: maana yake na jinsi ya kuushughulikia

Mkwaju wa mwisho ni ile alama ya "/" inayofunga njia, yaani sehemu inayofuata jina la tovuti, katika anwani ya wavuti (URL), zikiwemo anwani za API, milango ambayo programu hupitia kuombana data. Kati ya `/malipo` na `/malipo/` tofauti ni hiyo alama moja tu, na mtu akizisoma huziona ni anwani ileile. Seva haizioni hivyo. RFC 3986, waraka wa mwaka 2005 unaoweka kanuni za uandishi wa anwani za intaneti, unazihesabu kuwa njia mbili: ya kwanza ina kipande kimoja, ya pili ina viwili, ingawa hicho cha pili ni kitupu. Mwenye seva anaweza kuamua zijibiwe sawa, lakini hakuna kanuni inayomlazimisha.

Pako mahali pamoja tu ambapo mkwaju huo hauna uzito, nao ni baada ya jina la tovuti. `https://example.com` na `https://example.com/` ni anwani moja, kwa sababu ombi la HTTP, lugha ya kivinjari na seva, haliwezi kwenda na njia tupu. Kivinjari hujaza mkwaju chenyewe.

Asili yake ni enzi ambapo seva zilikuwa zikitoa mafaili kutoka kwenye folda. Mkwaju mwishoni ulimaanisha folda, kukosekana kwake kulimaanisha faili. Kivinjari kilihitaji kulijua hilo ili kikamilishe anwani zilizoandikwa nusu, na kanuni hiyo ingali hai hadi leo. Ukiwa na msingi `https://api.example.com/v1/` kisha ukaunganisha neno `malipo`, utapata `/v1/malipo`. Ondoa mkwaju kwenye msingi, utapata `/malipo`, na `v1` imemezwa. Hivyo ndivyo `urljoin` ya Python na `new URL()` ya JavaScript zinavyofanya kazi, na si hitilafu. Msanidi asiyeijua kanuni hii hupata 404 (anwani haikupatikana) akaanza kuituhumu tokeni yake, ule ufunguo wa kuingilia.

API za siku hizi hazina folda wala mafaili, kwa hiyo kila fremuweki, yaani kiunzi cha kujengea programu za seva, imejiamulia. Express ya Node huzipokea zote mbili bila neno, mpaka uiambie iwe kali. Flask hufuata ulivyoandika: ukisajili njia yenye mkwaju, anayekuja bila mkwaju huelekezwa kwenye anwani kamili, ukisajili isiyo na mkwaju, anayeuongeza hupata 404. Django imezoea mkwaju uwepo, na usipouweka hukuelekeza kwenye anwani iliyo nao. Spring kwa miaka mingi ilizipokea zote, kisha toleo la 6 la mwishoni mwa 2022 likabadilisha msimamo, na programu zilizohamia Spring Boot 3 zikaanza kurudisha 404 kwa anwani zilizokuwa zikifanya kazi jana yake.

Hiyo 404 mimi naiona afadhali. Inakera, lakini inasema ukweli. Kinachoumiza ni kuelekezwa kimyakimya.

Chukua ombi la POST, aina ya ombi la kutuma data, lililobeba taarifa za malipo, likatumwa `/malipo` kwenye seva ya Django iliyosajili `/malipo/`. Ukiwa bado unatengeneza, hali ya DEBUG (ya kutafuta makosa) ikiwa imewashwa, Django hupiga kelele na kukueleza kwamba haiwezi kuelekeza ombi hilo bila kupoteza data ya POST. Ikishakwenda kwa watumiaji, kelele hizo hazipo tena: seva hujibu 301 (anwani imehama) na kutaja anwani mpya. Programu nyingi zinazotuma maombi, `requests` ya Python na curl yenye `-L` (inayoiambia ifuate maelekezo) zikiwemo, zikipokea 301 kwa ombi la POST huligeuza kuwa GET, ombi la kusoma tu, na kuacha mwili wa ombi, yaani data yake, nyuma. RFC 9110 ya mwaka 2022, waraka wa kanuni za HTTP, inaukubali mwenendo huo kama historia isiyoepukika. Matokeo yake, seva inaona mtu anaomba orodha ya malipo, inampa orodha, na kujibu 200 (sawa). Programu inasoma 200, inamwambia mtumiaji kwamba imefanikiwa, na hakuna kilichorekodiwa popote.

Dawa iliyopo ni majibu ya 307 na 308, yanayoagiza ombi lirudiwe kwa aina ileile na mwili uleule. FastAPI hutumia 307, Flask ya sasa 308. Hata hivyo safari ya pili ina mitego yake. Seva iliyo nyuma ya proksi (seva ya katikati inayopokea maombi kwanza), kama haijaambiwa kwamba nje kuna https, inaweza kuelekeza kwenye http. Hapo `requests` huondoa kichwa cha Authorization, kinachobeba kitambulisho cha mtumiaji, na mtumiaji huambiwa hana ruhusa. Kivinjari nacho, kikiwa kinatuma lile ombi la awali la OPTIONS la kukagua ruhusa ya CORS (ruhusa ya tovuti moja kuomba data kwa nyingine), hukataa kabisa kuelekezwa.

Kwa mwenye API, basi, uamuzi ni wa mapema: chagua umbo moja, uliandike hivyo kwenye kila mfano wa nyaraka. Mimi huchagua bila mkwaju, ila anayetumia Django REST Framework, ambayo ruta zake huweka mkwaju zenyewe, hana sababu ya kushindana nayo. Kwa maombi ya GET kuelekeza hakuna neno. Kwa POST, PUT na PATCH, maombi yanayobeba data, ama pokea maumbo yote mawili ndani ya seva bila kumrudisha mtu, ama jibu 404.

Kwa anayetuma maombi, nakili anwani kama ilivyo kwenye nyaraka, kisha ijaribu kwa `curl -i` bila `-L`, utazame mstari wa kwanza wa jibu. Ukiona 301, 307 au 308, rekebisha anwani kwenye msimbo wako hata kama programu inaonekana inafanya kazi. Na kama API ina programu za simu ambazo tayari ziko mikononi mwa watu, pekua kwanza logi (kumbukumbu za maombi) za seva uone ni umbo gani zinatuma, maana toleo la zamani ambalo mtumiaji hajalisasisha litaendelea kutuma anwani ileile.